Mke wa Rudd

Niseme ukweli tangu mwanzo: Arlene Wadhams alinichosha. Miaka kumi na moja ya kusikia habari za mwanamke mmoja wa enzi za wakoloni, nani asingechoka? Mnakaa kunywa kahawa, mnaongea mambo yenu ya maana, bei ya mafuta ya kupashia nyumba moto, binti wa fulani anayeolewa na yule mvivu, ukigeuka kidogo tu mmeshafika mwaka 1662. Siku moja nilimwambia, shoga, hata wafu wanataka kupumzika. Akacheka, akaniongezea kahawa, akaendelea palepale alipokuwa ameishia.

Kazi yake ni kuendesha gari la kusukuma theluji hapa Stannard. Ameifanya miaka ishirini na sita. Asubuhi ukiamka ukakuta barabara ya mtoni inapitika, ujue Arlene ameshapita na ameshatukana kila aliyeegesha gari vibaya. Ana mabega mapana na sauti ya kumsikia ng'ambo ya mto. Mkuu mmoja wa idara ya barabara aliwahi kujaribu kumhamishia ofisini apokee simu, kwa kuwa eti umri umekwenda. Arlene akamjibu kwamba kazi ya simu ni ya watu wanaoweza kukaa chini, kisha akatoka kwenda kuwasha gari. Hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo.

Kilichomshika kilianzia nyumbani kwao. Mama yake, marehemu Bi Lois, alikuwa na hadithi aliyoitoa kila sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani na watoto wakimeza mate. Kwamba bibi yao wa kale, Susanna, mke wa Jonas Rudd, alishitakiwa uchawi mahakamani, akahukumiwa kunyongwa, na kamba isimpate. Aliishinda kamba, ndivyo alivyokuwa akisema, na akaja kuzaa watoto sita ambao ukoo wao wote umetokana nao. Watu wengine wangeficha kuwa na mchawi katika familia. Hawa walitamba naye. Kaka yake Arlene, Wendell, ambaye ni fundi bomba, aliandika kabisa ubavuni mwa gari lake la kazi kwa rangi nyekundu: HATUNYONGEKI.

Arlene yeye hakuridhika na kutamba. Alitaka karatasi. Siku zake za mapumziko alikuwa akiendesha saa nzima kwenda kwenye nyaraka za jimbo, akakaa humo na miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, kusoma miandiko ya makarani waliokufa. Alijifundisha mwenyewe. Mwaka wa kwanza aliweza kusoma mstari mmoja kwa saa. Mwaka wa tatu alikuwa anausoma mwandiko ule kama mimi ninavyosoma orodha ya sokoni. Na kila alichojifunza, ilibidi na mimi nijifunze, nipende nisipende. Ndivyo nilivyokuja kujua kwamba wale watu walianza mwaka wao mwezi Machi, na kwamba hawakupenda kutaja majina ya miezi kwa kuwa waliyaona ya kipagani, basi waliihesabu kwa namba. Machi wa kwanza, Aprili wa pili, hivyohivyo hadi Februari wa kumi na mbili. Nilimsikiliza huku nikikata vitunguu.

Karatasi kubwa aliyoipata ilikuwa ukurasa mmoja wa mahakama wa tarehe thelathini Desemba 1662. Karani wa mahakama, tofauti na wachungaji, hakuogopa kuandika Desemba. Ulisema: mke wa Rudd ameonekana na hatia ya kufanya urafiki na Shetani, anyongwe siku ya ishirini tangu leo. Basi. Jina hakuna. Mwanamke wakati ule mbele ya karani hakuwa na jina, alikuwa mke wa fulani.

Na Rudd alioa mara mbili. Wa kwanza aliitwa Mehitabel, wa pili ndiye Susanna. Lakini hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu kipo kitabu cha historia ya mji, kilichochapishwa na mchungaji wetu mmoja zaidi ya miaka mia iliyopita, ambaye alinakili daftari la kanisa. Kitabu kile kimo katika kila nyumba ya hapa, nusu yetu tunakitumia kuzuia mlango. Kinasema Mehitabel Rudd alikufa tarehe kumi na tisa Novemba 1662. Kwa hiyo ilipofika mwisho wa Desemba, mke wa Rudd ni nani kama si Susanna?

Nyuma ya ukurasa wa hukumu kulikuwa na ushahidi. Shahidi mkuu alikuwa mtumishi wa ndani wa nyumba ileile, ameandikwa Tilley tu. Tilley huyu alisema bibi yake alikuwa akinong'oneza pipa la kusukia maziwa mpaka siagi ikagoma kutoka. Alisema alimwona dirishani akiongea na ndege mweusi, na ndege akamwita kwa jina. Alisema akilala alifinywa na mikono asiyoiona. Arlene alimchukia Tilley kana kwamba ni jirani aliyemwibia jana. Gari lake likigoma kuwaka kwa baridi alikuwa akilipiga teke na kuliita Tilley. Paka wa mtaani akiingia jikoni kula jibini ni Tilley. Nilimwona mara moja akiutazama ule ushahidi mpaka machozi yakamlenga kwa hasira, akasema, "Amekula chakula chake, amelala chini ya paa lake, kisha akaenda kumwuza."

Mwaka juzi mji wetu ukaamua kusafisha majina ya waliohukumiwa hapa. Kulikuwa na wanawake watatu. Azimio lingepigiwa kura katika Mkutano Mkuu wa mji, mwezi Machi, kisha majina yachongwe kwenye jiwe mbele ya maktaba. Ikaundwa kamati, na mwenyekiti wake akawa Bwana Eliot Sprague, aliyewafundisha hisabati watu wote wa mji huu na bado anatutazama kana kwamba hatujarudisha kazi ya nyumbani. Wawili wa kwanza hawakuwa na shida. Wa tatu, Sprague akakuna kidevu.

"Bi Arlene," akamwambia, "kutoka Novemba kumi na tisa hadi Desemba thelathini ni wiki sita. Nionyeshe kwamba Rudd alikuwa ameshaoa tena."

Arlene alikuja kwangu amefura. Lakini swali lilikuwa la haki na alijua ni la haki. Kitabu cha mchungaji kilinakili vifo na ubatizo tu, ndoa aliziacha. Zilikuwa kwenye daftari lenyewe, la ngozi, lililofungiwa katika sefu la kanisa, ambalo wazee wa kanisa hawakumruhusu mtu kuligusa kwa kuwa karatasi zake zinapukutika. Na katibu wa kanisa, mwenye ufunguo wa sefu, ni mimi, Nettie Boardman.

Sikumpa hivihivi, nina adabu yangu. Arlene aliwaandikia wazee barua nne. Ya tano aliipeleka mwenyewe, akiwa na lile gari la theluji, akaliegesha mbele ya mlango wa kanisa wakati wa kikao chao na hakuliondoa mpaka wakamaliza kujadili. Wakakubali, kwa sharti kwamba nikae naye chumba kimoja na kurasa nifunue mimi.

Tulifungua daftari Jumamosi moja mchana. Chini jikoni kina mama walikuwa wanatayarisha maharage ya kuoka kwa karamu ya jioni, harufu ya sukari guru na nyama ya nguruwe imejaa ngazini. Arlene alikuwa amenawa mikono mara mbili na kuvaa sweta lake la kanisani. Nikaanza kufunua, yeye anasoma kwa kidole hewani, bila kugusa. Ndoa za Novemba, hamna. Za Desemba, hamna. Alikuwa anahema kwa pua. Nikamwambia labda walifunga mji mwingine. Akasema, funua.

Tukavuka mwaka. Chini ya 1663, siku ya tano ya mwezi wa pili, kidole kikasimama. Alisoma kimya, midomo ikitembea. Kisha akasoma tena kwa sauti, polepole, kama mtoto anayejifunza: "Jonas Rudd, mjane. Na Susanna Tilley."

Mimi sikuelewa upesi. Nikamwambia hongera, tumeipata ndoa. Akaniangalia. Ndipo lile jina likaniingia kichwani, na nikatamani maharage yale yaungue ili tuitwe chini.

"Rudi kwenye vifo," akasema.

Nikarudi. Mehitabel, mke wa Jonas Rudd, siku ya kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja.

"Nettie, mwezi wa kumi na moja ni upi?"

"Novemba," nikasema, kama mtu yeyote.

"Kwao?"

Nikahesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, na kidole cha kumi na moja ilibidi nikiazime, kikaangukia Januari. Yule mchungaji wetu wa kitabu, msomi wa watu, mwenye ndevu zake kwenye picha ya ukumbini, alikuwa amehesabu kama mimi. Na Arlene, aliyenifundisha mimi habari ile nikiwa nakata vitunguu, hakuwahi kuona namba. Aliona neno Novemba limechapishwa, akaliamini pamoja na sisi wote.

Akachukua penseli, akahesabu siku ishirini kutoka Desemba thelathini. Zikaisha Januari kumi na tisa. Mehitabel hakufa kabla ya kesi. Mehitabel ndiye alikuwa kesi, na kamba ilimpata siku ileile aliyopangiwa. Mstari uliofuata chini yake uliandikwa siku tatu baadaye: mtoto wake mchanga, hakubatizwa. Na katika mwezi wa pili, Aprili hiyo, mtumishi akaolewa na baba wa nyumba, akaingia kuzaa watoto sita.

Kilichofuata nitakisema kwa kuwa nilikitenda. Nilifunga daftari. Nilimwambia, shoga, kamati imeomba ndoa, na ndoa ipo. Sprague mwandikie tu kwamba ndoa imo daftarini, tarehe iache, hawezi kuja kufunua sefu. Nilimwambia Mehitabel hana mtu, hana hata kitukuu wa kusikitika, na mama yako Lois yuko kaburini na furaha yake. Nani atajua?

"Wewe umeshajua," Arlene akasema. "Na wewe, Nettie, tangu nikufahamu hujawahi kufunga mdomo."

Nilicheka, yeye akacheka, kisha kicheko kikamgeuka akainamisha kichwa juu ya meza. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata kwenye mazishi ya mama yake. Alisema miaka kumi na moja amemtukana mwanamke yule kila asubuhi, kumbe ni damu yake. Pua hii ni ya Tilley, mabega haya ni ya Tilley. Niliona aibu kwa yale niliyosema, nikateremka kumletea maharage. Hakuyala. Alikuwa ananakili zile tarehe.

Wendell aliposikia alikuja nyumbani kwa Arlene na buti za kazini, akasimama sebuleni akapiga kelele robo saa. Nilikuwepo. Alisema amemvunjia mama yao heshima kaburini. Alisema watu wa kale walikuwa na mambo yao, huenda yule msichana alitishwa, huenda alikuwa na miaka kumi na mitano, nani ajuaye. Arlene akamjibu kwamba huenda, na kwamba yeye mwenyewe amelala macho akilitafakari hilo, lakini msichana aliyetishwa bado ana watoto sita na Mehitabel ana mistari miwili kwenye daftari. Wendell akaondoka. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika Mkutano Mkuu.

Sprague naye, kumbe hesabu zote zile hazikumzuia kuwa mwoga. Baada ya kuona tarehe alisema Bi Arlene amefanya kazi ya kitaalamu. Kisha akatoa ushauri. Ukoo wa kina Wadhams ni mkubwa hapa, jiwe limeshachangiwa, kwa nini kuugawa mji? Jiwe liandikwe tu Mke wa Rudd, kama ilivyo kwenye hukumu. Halitakuwa uongo, na kila mtu atasoma anachotaka.

"Hivyo ndivyo karani alivyoandika," Arlene akamwambia. "Tumekuja kumsahihisha karani, Bwana Sprague, au kumnakili?"

Sprague akasema basi jina hilo na alisimamie mwenyewe mbele ya watu, kamati haitalisemea. Arlene akasema hakuwa na nia ya kumwachia mtu mwingine.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa michezo wa shule, kama kila mwaka, sisi tumekaa kwenye viti vya kukunja chini ya kile kikapu cha mpira. Tulipoteza dakika arobaini kubishana kama mbwa wafungwe kamba kando ya mto. Kisha likaja azimio la majina. Mwongoza mkutano akagonga kinyundo chake, akaeleza utaratibu: anayelitaja jina asimame, na kwa kumbukumbu amwambie karani wa mji ana uhusiano gani na marehemu. Akasimama daktari wa meno, akataja jina la kwanza, akasema ni wa uzao wake wa kumi na mbili. Watu wakapiga makofi. Akasimama bibi mmoja wa mkongojo, akataja la pili, ni bibi yake wa kale upande wa baba. Makofi tena.

Arlene alikuwa amekaa kando yangu, mikono juu ya magoti. Mbele yetu, safu ya tatu, walijazana ukoo mzima, Wendell katikati, mashangazi, watoto wa binamu, wamevaa vizuri. Wengine hawakuwa na habari. Walikuja kumpigia makofi Susanna. Arlene akasimama.

Alisema jina la tatu lililochapishwa kwenye azimio ni kosa, na kosa ni lake, yeye ndiye aliyelileta. Alieleza mwezi wa kumi na moja kwa maneno machache, na nikaona watu wanahesabu kwa vidole kama nilivyohesabu mimi. Alisema aliyenyongwa aliitwa Mehitabel, na kwamba siku tatu baadaye mwanawe akamfuata. Alisoma ushahidi wa siagi na wa ndege. Sauti yake, ile ya kusikika ng'ambo ya mto, safari hii ilibidi watu wanyamaze waipate.

Mjomba mmoja wa safu ya tatu akainuka nusu, akauliza, si kwa ubaya, kwa nini wasiandikwe wote wawili, Mehitabel na Susanna, kwani wote waliteseka kwa namna yao. Ukumbi ukanong'ona kukubali. Lilikuwa jambo rahisi, la upole, na nilimwona Arlene analitamani. Nilimwona kabisa.

"Jiwe ni la walioshitakiwa," akasema. "Susanna hakushitakiwa. Ninaomba jina lake lifutwe, na liandikwe Mehitabel Rudd."

Wendell hakugeuka. Mwongoza mkutano akaangalia karatasi zake muda mrefu, kisha akamtazama karani wa mji, binti mdogo mgeni wa kazi, aliyekuwa ameshika kalamu juu ya mstari wa tatu wa fomu yake. Binti akakohoa. Alimwomba radhi Bi Arlene, lakini fomu inataka uhusiano, na kama marehemu hakuacha mtoto, aandike nini?

"Andika mimi ni mjukuu wa shahidi."

Karani akaandika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, jina la shahidi. Arlene akamwambia Susanna Tilley, na binti alipoonyesha kwamba hajui linavyoandikwa, alimtajia herufi moja baada ya nyingine, ukumbi wote ukisikiliza, mpaka likaisha.